Matundu ya Uzio wa Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ambilikile, alikuwa mtu wa kitambi na mvi, na tangu aache kucheza mpira wa ujana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Basi asubuhi ile alipotoka mbio uani kwake, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki nyuma, akapenya migombani huku ameshikilia suruali kwa mikono miwili, jirani aliyemwona alidhani nyumba inaungua.

Wala nyumba haikuwa inaungua. Nyuma ya mwenyekiti alikuwa anakuja binti mmoja mwembamba, tumbo mbele, sinia la chai mikononi, anaita kwa sauti ya upole: “Baba! Baba jamani, shikamoo! Chai yako inapoa!”

Binti huyo ni Tausi, mke wa Jubilate, mtoto wa kwanza wa mwenyekiti. Jubilate ni dereva wa malori. Alimpata Tausi huko Tanga, wakafunga ndoa bomani, na mimba ilipokuwa kubwa akamleta kwao Kyela, kijiji cha ndani ukishaipita Ipinda, ajifungulie mikononi mwa mama mkwe. Kisha yeye akarudi barabarani. Alikuwa amemsimulia mkewe mambo yote ya kwao: mvua isiyochoka, mchele unaonukia, samaki wa ziwani wanaoitwa mbasa. Kitu kimoja tu alisahau, mwanaume yule! Hakumwambia kwamba kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani, hawapokezani kitu, na wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa.

Tausi naye kwao alifundishwa heshima, lakini ya namna nyingine: baba mkwe unamfuata alipo, unapiga goti, unamwamkia, unamwekea chai mbele yake. Kwa hiyo kadiri mzee alivyokimbia, ndivyo binti alivyoona heshima yake bado haijafika, naye akaongeza mwendo. Mbio zile ziliishia kwenye mfereji wa maji nyuma ya migomba, mzee akiwa ndani.

Mkewe, Anyisile, alimkuta humo humo.

“Ameondoka?” aliuliza mwenyekiti, maji yamemfika kiunoni.

“Ameingia ndani, analia. Baba Jubi, hivi si wewe uliyesimama kwenye semina kule Kyela mjini ukasema mila hii imepitwa na wakati? Si walikupigia makofi? Hata picha mlipiga.”

“Nilisema.”

“Sasa?”

“Kinywa ndicho kilichosema, Mama Jubi. Miguu haikuhudhuria semina.”

Anyisile alicheka mpaka akaukalia mgomba ulioanguka. Halafu akampa mkono, akamtoa.

Hali ile iliendelea siku kadhaa. Mwenyekiti akawa hawezi kwenda chooni mpaka mkewe achungulie kwanza. Akila, anakula amegeukia ukuta. Siku moja alikwama kwenye ghala la mpunga tangu asubuhi mpaka adhuhuri kwa sababu Tausi alikaa mlangoni anachambua mchele, na kikao cha serikali ya kijiji kikaahirishwa kwa kile alichokiita dharura. Ndipo akajenga uzio.

* * *

Sasa, mgeni wa Kyela hawezi kuelewa uzio ni kitu gani huku. Uwanja wa Mnyakyusa unafagiliwa kila alfajiri ili uonekane. Watu wanapita katikati ya uwanja wako kwenda kisimani, wanakuamkia, wanaona unachopika, wanakwenda zao. Ukizungushia nyumba yako kitu kisichoonyesha ndani, umewatangazia watu kwamba huko ndani kuna jambo. Na mwenyekiti alijenga uzio wa mabati marefu, yamepakwa rangi ya kijani, kuanzia kona ya nyumba, ukakata uwanja katikati, ukazunguka jiko na bafu la nje, ukapakana na njia ya kisimani. Upande mmoja Tausi, upande mwingine yeye na kiti chake.

Mabati aliyatoa wapi? Hapo ndipo aibu ilipo, na sioni sababu ya kuificha. Zahanati ya kijiji ilikuwa imeezekwa upya, na mabati ya zamani yalishushwa yakiwa bado yanafaa. Mkutano wa kijiji ukaamua yaezeke choo cha wajawazito kitakachojengwa hapo zahanati. Ofisi ya kijiji haina mlango wa maana, basi yakawekwa kwa mwenyekiti, chini ya uangalizi wake. Aliyaangalia vizuri sana. Tausi alipofika, akayaangalia tena, akajisemea: nitayaazima kidogo tu, binti akijifungua na kurudi kwake nitayang’oa. Akatafuta rangi, akayapaka.

Kuta za choo zikakamilika. Mafundi wakaulizia mabati. Mwenyekiti akawaambia wasubiri, yako mahali salama. Na kweli yalikuwa mahali salama, yamesimama wima mbele ya macho ya kijiji kizima! Lakini nani aliyatazama? Watu walisema, “Ameyauza ya zahanati, akajinunulia mapya ya uzio, na nyuma ya uzio ndiko anakoficha alivyonunua.” Wengine walisema ni pikipiki. Wengine, mashine ya kukoboa mpunga. Mama mmoja alisikia sauti ya kike nyuma ya mabati ikicheka, akatangaza kwamba mwenyekiti ameongeza mke.

Sauti ya kike ilikuwa ya Tausi, na aliyemchekesha ni mwenyekiti. Maana mila ilikataza kuonana, lakini haikusema neno lolote kuhusu kuongea na bati. Siku ya kwanza Tausi aliupitisha mkono chini ya uzio, akasukuma kikombe, akasema, “Shikamoo baba.” Kisha bati likajibu, “Marahaba.” Tangu hapo hawakunyamaza. Kila asubuhi mzee aliegemea upande wake, binti upande wake, wakaongea habari za Tanga na Kyela, za Jubilate alivyokuwa mtoto mwoga wa vyura, za bei ya kakao. Ambilikile hakuwa na binti. Alishangaa kumbe alikuwa anamhitaji mmoja.

Asubuhi moja Tausi alisema, “Baba, jana kliniki nimepata mkosi. Choo hakina paa. Mvua ikanikuta nimechuchumaa, mwavuli mkono huu, tumbo mkono huu. Na pale nje akina mama wamepanga foleni na miavuli yao, kama wanasubiri basi. Nesi anasema mabati yapo, ila kuna mtu kayakalia. Mtu wa namna gani huyo, baba?”

Chai ilimpalia mwenyekiti. Alikohoa sana.

“Watu wa namna hiyo wapo, mwanangu,” alisema mwishowe.

“Mungu anawaona.”

“Anawaona,” alisema mwenyekiti, akahamisha mgongo wake kutoka kwenye bati.

* * *

Katika wote waliotaka kujua kilichomo ndani, hakuna aliyezidi Ezekiel, mjumbe wa serikali ya kijiji. Ezekiel aligombea uenyekiti mara mbili, akashindwa mara mbili, na tangu hapo akajipa kazi ya kumsimamia mwenyekiti. Ni kazi nzuri, kijiji kinaihitaji. Tatizo ni kwamba Ezekiel hakujua ianzie wapi na iishie wapi. Aliona kwenye mabati yale kuna matundu ya misumari, yamejipanga safu kwa safu. Hakujiuliza uzio mpya una matundu ya nini. Aliegemeza baiskeli yake, akachagua tundu lililo usawa wake, akaweka jicho.

Tausi alikuwa bafuni. Asubuhi jua likipenya kwenye yale matundu lilimwagia vidoa vya mwanga kwenye khanga, naye alishavizoea. Siku hiyo kidoa kimoja kikazimika. Akatazama. Tundu likakonyeza.

Hakupiga kelele. Alijifunga khanga vizuri huku akiimba taarabu polepole, akatoka kwenda jikoni palepale jirani, ambako alikuwa ametwanga pilipili kwa ajili ya mbasa wa nazi. Akachanganya na maji, akarudi na kata, akalenga.

“Yesu wangu!” ilisikika upande wa pili, halafu kishindo cha baiskeli, halafu mtu anakimbia na kugonga vitu.

Mwenyekiti aliposikia alichofanyiwa mkwe wake aliwaka hasira. Alivaa viatu aende kushtaki, tena kwa sauti, mpaka ngazi ya wilaya! Alifika barabarani, akasimama. Akishtaki, ataulizwa mashahidi. Watakuja kuutazama uzio. Watautazama kwa karibu. Akarudi, akavua viatu, akakaa. Hapo ndipo alipoonja uchungu wa mambo: alikuwa na haki kamili ya kulalamika, na hakuweza kuitumia kwa sababu ya mabati ya wenyewe.

* * *

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule. Watu walijaa kuliko siku ya kampeni. Ezekiel alisimama wa kwanza, jicho moja jekundu limevimba.

“Pole na jicho, Ezekiel,” alisema mwenyekiti, akimtazama sana.

“Ndaga, asante. Ni mdudu tu. Jamani, mimi nasema hivi: mtu asiye na cha kuficha hajengi uzio.”

“Kwani wewe Ezekiel umevaa suruali unaficha nini?” aliuliza mwenyekiti.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti alisubiri kitulie, akaendelea kwa sauti ya kikanisa: “Ndugu zangu, kiongozi naye ni mtu. Ana choo, ana mke, ana ugonjwa wake. Mlinichagua mniangalie kazi yangu, hamkunichagua mniangalie sufuria yangu. Ukishakuwa kiongozi ndiyo huna tena nyumbani?”

Watu walianza kuitikia kwa vichwa, maana ilikuwa ni kweli. Lakini Bibie, mama mwenye duka la khanga na sukari karibu na stendi, alinyanyuka polepole.

“Mwenyekiti, umesema vizuri. Suruali ni ya Ezekiel, avae, ajifiche, hatuna neno. Lakini tukisikia ameinunua kwa hela ya kijiji, ataivua hapa hapa. Mabati yetu yako wapi?”

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa zaidi, na hakikuwa upande wa mwenyekiti. Watu wakamgeukia mtendaji wa kijiji, Sylvester, kijana aliyeletwa na serikali, aliyependa sana kufuata taratibu.

“Katiba inalinda faragha ya kila mtu na nyumba yake,” alisema Sylvester, “na mwenyekiti ni mtu.”

“Eeeh!” walisema wa mwenyekiti.

“Vilevile mali ya umma ni ya umma, na wananchi wana haki ya kuhoji.”

“Eeeh!” walisema wa Ezekiel.

“Kwa hiyo?” aliuliza Bibie.

“Kwa hiyo pande zote mbili ziko sahihi.”

“Mtoto wa watu amesoma mpaka amechanganyikiwa,” alisema Bibie, akakaa.

Mwenyekiti akaona mlango umefunguka, akaingia. Alinyanyua mkono juu. “Naapa mbele ya Kyala, Mungu wetu, na mbele yenu: nyuma ya uzio wangu hakuna bati hata moja la zahanati!”

Uwanja ukatulia. Ambilikile ni mzee wa kanisa, hajawahi kuapa ovyo. Na hata sasa alikuwa hajasema uongo. Alitafuta maneno hayo usiku kucha, na alipoyapata aliona raha. Anyisile, aliyekaa na akina mama wa kwaya, hakuona raha yoyote. Aliinamisha kichwa.

Wakakubaliana: Jumamosi watu watatu, Sylvester, Ezekiel na Bibie, wataingia kuangalia nyuma ya uzio. Hawataingia chumba cha kulala. Hawatafunua sufuria. “Na bafuni,” aliongeza Bibie akilitazama jicho la Ezekiel, “ataingia mwanamke.”

* * *

Jioni Anyisile hakumpa mumewe chakula kwanza. Alimpa maneno.

“Umeapa vizuri, Baba Jubi. Utaapa mara ngapi? Wataingia, hawataona kitu, watakuomba radhi. Wewe utapokea radhi ya watu uliowachukulia mabati? Utaimeza na nini?”

“Punguza sauti.”

“Nipunguze kwa ajili ya nani? Bati halina masikio.”

Bati lilikuwa na masikio. Upande wa pili Tausi alikuwa anakuna nazi. Mbuzi ya nazi ilinyamaza. Kisha vidole viligonga bati taratibu.

“Baba? Hili ninaloliegemea ndilo?”

Mzee alifumba macho. “Ndilo, mwanangu.”

“Na haya ya bafuni?”

“Nayo.”

“Kumbe siku zote ninaogea ndani ya choo cha kliniki.” Alitaka kucheka, ikashindikana. “Lakini kwa nini, baba? Ulinichukia kiasi hicho? Maana siku ile uliponikimbia nililia mpaka nikataka kurudi kwetu. Nikasema, ni dini yangu. Au ni kwa sababu sijui kupika mbalaga ya ndizi kama mama. Nikampigia Jubi, yuko njiani huko, akacheka tu, simu ikakatika.”

Maneno hayo yalimchoma mzee. Hakuwahi kufikiri kwamba mbio zake zina tafsiri nyingine. Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa uzio, akamweleza yote: mila, hofu aliyolishwa tangu utotoni, semina, miguu yake. “Nilikukimbia kwa heshima, mwanangu. Mtu nisiyemheshimu simkimbii. Ezekiel sijawahi kumkimbia.”

Upande wa pili kikasikika kicheko kidogo chenye machozi.

“Mimi siwezi kukusema kwa watu, baba. Wewe ni mzee wangu. Ila Jumatatu nina kliniki, na mvua ndiyo hii.”

Anyisile akaleta chakula, na mumewe akakitazama mpaka kikapoa.

* * *

Jumamosi watatu walifika wamevaa nguo za Jumapili. Sylvester alipiga hodi mara nyingi kuliko inavyohitajika. Tausi aliingia ndani ya nyumba, Anyisile akawafungulia.

Wakaangalia. Nyuma ya uzio uliokikosesha kijiji usingizi kulikuwa na jiko la mafiga, mbuzi ya nazi, ndoo mbili, na kamba ya kuanikia. Kwenye kamba kulikuwa na nepi mpya zilizokatwa kutoka kwenye shati kuukuu la mwenyekiti, lile lile alilopigia kampeni. Sylvester aliona na nguo nyingine za kike zimeanikwa, akageuka haraka akatazama mbingu, na kuanzia hapo alikagua mawingu tu. Bibie alizishika zile nepi, akazirudisha polepole.

“Pikipiki iko wapi?” aliuliza Bibie. “Mashine? Mke wa pili? Jamani, sisi watu! Tumekuja kumvunjia mtu heshima ya mkwewe mjamzito.”

“Hatukuona kitu,” alisema Sylvester, akimwambia mawingu. “Mwenyekiti, kwa niaba ya kijiji…”

Ezekiel alikuwa nyuma yao, peke yake, amejipenyeza bafuni alikokatazwa. Alitaka kujua tu, kwa upande wa ndani, lile tundu lake linaonekanaje. Akalipata. Juu yake kulikuwa na kiraka cha lami, kimepakwa rangi ya kijani lakini kimevimba vilevile, cha mviringo, na mkia kidogo pembeni. Ezekiel akakigusa. Mwaka ule wa malaria kali alilala zahanati, hana la kufanya ila kutazama juu, na kiraka kile kilikuwa juu yake usiku na mchana. Kilikuwa kinavuja, tone linampiga katikati ya paji la uso. Alikilaani mpaka akapona.

Akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anamtazama. Walielewana bila neno, kama wezi wawili waliokutana shamba moja.

Ezekiel akasogea, akanong’ona. “Mwenyekiti, kila mtu ana lake. Jicho langu limepona. Uzio wako umesimama. Si tunywe chai tu?”

Ilikuwa bei nafuu, tena sana. Sylvester alishaanza kuomba radhi. Bibie alikuwa na machozi. Kilichotakiwa ni mwenyekiti aseme, “Karibuni chai.” Alifungua kinywa aseme hivyo. Wingu likanguruma upande wa ziwani, na matone ya kwanza yakagonga mabati, ta, ta, ta. Ndani ya nyumba Tausi aliita kwa sauti: “Mama, mwavuli wangu uko wapi? Niuweke karibu kwa ajili ya Jumatatu.”

Alisema kwa makusudi au hakusema kwa makusudi, hilo mpaka leo Tausi mwenyewe hajalieleza.

“Sylvester,” alisema mwenyekiti, “acha kuniomba radhi. Teremsha macho, njoo huku. Mabati ni haya.”

“Yapi?”

“Haya. Uzio. Ndiyo mabati ya zahanati. Nimeyapaka rangi kwa mkono wangu.”

Bibie alitazama uzio kutoka kona mpaka kona. Akatazama matundu, safu kwa safu. “Mungu wangu,” alisema, “na wiki zote hizi tumeyapita tukienda kisimani, tunayachungulia!” Kisha akamgeukia Ezekiel. “Na wewe mbona hushangai? Ulikuwa unanong’ona nini?”

Ezekiel alitazama chini. Mwenyekiti angeweza kumtaja. Alikuwa na kila sababu. Lakini aibu ile haikuwa yake peke yake kuitoa hadharani, ilikuwa ya Tausi pia.

“Alikuwa ananipa pole,” alisema mwenyekiti.

“Mh,” alisema Bibie, ambaye ndiye aliyemuuzia Tausi pilipili. “Basi na mimi nitakwenda kumpa pole mkewe. Jicho la mumewe si mdudu.”

* * *

Mkutano wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Wizi watu wanausamehe au hawausamehi, ni jambo linaloeleweka. Lakini walitaka sababu, na sababu ilibidi aitoe mwenyewe: kwamba yeye, mwenyekiti, mzee wa kanisa, mwanasemina, alikuwa anakimbizwa na binti mwenye sinia la chai. Alieleza mpaka na mfereji. Kijiji kilicheka mpaka watu wakashikana mabega. Alitamani wangemwita mwizi tu, akae.

Wazee wenzake hawakucheka sana. Kadhaa walitazama pembeni, maana nao wana wakwe.

Hawakumvua uenyekiti. Walimpa adhabu iliyomuuma zaidi: atayarudisha mabati mwenyewe, kichwani, bati moja moja, siku ya gulio, kupitia barabara kubwa. Na Ezekiel, kwa shinikizo la mkewe ambaye hakutoa maelezo, akajitolea kupigilia misumari yote. Siku hiyo barabara ilijaa watu kama kuna msafara wa waziri. Kila alipopita mwenyekiti na bati la kijani kichwani, madereva wa bodaboda walimpigia honi, naye aliitikia kwa mkono. Raundi za mwisho hawakupiga honi tena. Mmoja alishuka akamsaidia kubeba, watu wakamkemea, akaacha.

Asubuhi iliyofuata uwanja ulikuwa mweupe, umefagiliwa, wazi kutoka barabarani mpaka kisimani. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti chake. Alikuwa ameamua: leo hakimbii. Alishika mikono ya kiti kwa nguvu, miguu akaifungamanisha. Mlango wa jiko ukafunguka, Tausi akatoka na sinia.

“Marahaba!” alisema mzee kwa kelele, hata kabla hajaamkiwa.

Lakini Anyisile alikuwa amemfundisha mkwewe mila vizuri mno. Tausi alipomwona mzee uso kwa uso aliweka sinia chini, akajifunika khanga kichwani, akatimua mbio kuingia migombani, tumbo mbele.

“Jihadhari na mfereji!” alipiga kelele mwenyekiti.

“Shikamoo baba!” ilisikika kutoka migombani.

Anyisile alicheka, kisha akachoka na wote wawili. Alikigeuza kiti cha mumewe kikatazama barabarani. Akaleta kigoda, akakiweka nyuma ya kiti, kikatazama jiko. Akamwita Tausi, akamkalisha. Na hivyo ndivyo wanavyokaa mpaka leo, mgongo kwa mgongo, katikati ya uwanja, chai kila mtu na yake. Watu wanapita kwenda kisimani, wanaamkia, wanakwenda zao.

“Kliniki vipi, mwanangu?”

“Choo kina paa, baba. Mvua ilinyesha nikaisikia juu tu. Ila kuna kiraka kimoja kinavuja, tone linampiga mtu hapa kwenye paji la uso.”

“Nakijua. Nitakipelekea lami.”

Barabarani ilipita baiskeli, kengele ikalia mara moja kwa adabu.

“Nani huyo, baba?”

“Ezekiel.”

“Jicho lake limepona?”

Mzee alimsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona. Ezekiel alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo imekakamaa, haangalii kulia wala kushoto.

“Limepona vizuri,” alisema. “Siku hizi linatazama barabara tu.”